Muuaji alikuwa msimulizi mwenyewe: je, nimetapeliwa?

"Mwalimu, shikamoo. Niko Arua, nauza vitenge. Tangu sekondari napenda hadithi za upelelezi, za Kiswahili za zamani na zile za Kiingereza ambamo mpelelezi huwakusanya watu sebuleni mwishoni akamtaja muuaji. Siku hizi rafiki zangu hunitumia riwaya mpya kwenye simu, nazisoma usiku nikishafunga duka. Nikifika katikati nimeshapotea: sura moja ni ya leo, nyingine ya miaka sita nyuma, na anayesimulia hubadilika. Niliyoimaliza juzi, muuaji ndiye aliyekuwa akinisimulia tangu ukurasa wa kwanza. Nilihisi nimetapeliwa. Mume wangu ananiambia niwe naanza na kurasa za mwisho. Isitoshe, nikisoma sipati usingizi hadi saa nane. Je, ni akili yangu iliyochoka, au waandishi wa sasa ni waongo?"

Marahaba, dada yangu. Umeuliza mambo matatu kwa pumzi moja: unapoteza watu na nyakati, unahisi mwandishi hakucheza haki, na usingizi unakukimbia. La akili tuliondoe njiani kwanza. Unakumbuka vitabu ulivyosoma sekondari, unakumbuka ni wapi hasa ulipopotea, na unajua ni nini kilichokuudhi. Hiyo si akili iliyochoka. Unasoma riwaya za aina mpya kwa macho uliyoyanoa kwenye aina ya zamani, basi.

Kila riwaya ya upelelezi hubeba hadithi mbili. Moja imekwisha kutokea kabla hujafungua kitabu, nayo ni ya uhalifu wenyewe: nani, kwa nini, saa ngapi, kwa kutumia nini. Ya pili ni ya kutafuta. Mwandishi anakusimulia ya pili huku akidondosha vipande vya ile ya kwanza, kimoja hapa, kingine kule, bila mpangilio. Katika vitabu ulivyovizoea, vipande hivyo vilifichwa ndani ya chumba: kikombe kilichobaki na mashapo, funguo zilizokosekana, barua iliyochomwa nusu. Na pembeni ya mpelelezi palikuwa na rafiki mwaminifu, kama Najum kwa Bwana Msa katika riwaya za Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, mtu anayeona mengi na kuelewa machache. Mtu kama huyo alikuwa haelewi, lakini alikuwa hakudanganyi.

Riwaya nyingi za sasa zimehamisha maficho. Kipande hakiko tena chini ya zulia, kiko mdomoni mwa anayekusimulia. Ukiendelea kuuliza "nani alikuwa na kisu?" utapitwa. Swali la kubeba sasa ni hili: nani ameniambia hivi, naye alijuaje? Hilo moja litakusaidia kuliko orodha yoyote ya mbinu, na karibu yote ninayokueleza hapa chini yanatoka humo.

Usidhani, hata hivyo, kwamba mchezo huu umeletwa na kizazi cha simu. Kuna riwaya ya Kiingereza ya mwaka 1926 ambayo msimulizi wake ndiye muuaji, na wasomaji wa wakati ule walikasirika kama ulivyokasirika wewe. Siitaji jina kwa sababu huenda bado hujaisoma. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1929, padri Mwingereza aitwaye Ronald Knox, ambaye naye aliandika hadithi za upelelezi, alitoa kanuni kumi za kucheza haki: mpelelezi asiwe ndiye mhalifu, vidokezo anavyoviona yeye msomaji naye avione, pacha asitokee ghafla mwishoni bila msomaji kuandaliwa, na nyingine za namna hiyo. Zina mzaha ndani yake, na waandishi wamezivunja tangu siku hiyo. Lakini ubishi unaoubisha wewe leo Arua una karibu miaka mia.

Basi utajuaje kama umetapeliwa au umeshindwa kihalali? Kuna kipimo, na kinakuchukua nusu saa. Ukimaliza kitabu usikifute. Rudi sura ya kwanza, kisha sura ya siku ya mauaji, kisha mahali pa kwanza ambapo msimulizi anaulizwa na polisi. Soma hizo tatu tu ukiwa tayari unajua jibu. Ukikuta msimulizi alinyamazia jambo, aliruka saa moja, au alisema sentensi ya kweli iliyokaa vibaya, mwandishi alicheza haki. Ukikuta alisema kitu ambacho si kweli, akilini mwake, peke yake, pasipo sababu ya kujidanganya (si mlevi, si mgonjwa, haandiki barua ya kumhadaa mtu), hapo una haki ya kukasirika. Kuna vitabu vibovu, tena vingi, na kichwa cha kushtua jaladani hakivifanyi viwe vizuri.

Nikupe mfano niliousuka mwenyewe, kwa Kiswahili, maana lugha yetu inafaa sana kwa ujanja huu. Msimulizi anasema: "Nilifika dukani saa mbili usiku. Mzee alikuwa akihesabu pesa. Taa zilizimika. Zilipowaka, mzee alikuwa chini na droo ilikuwa wazi." Msomaji wa Uganda anasoma "taa zilizimika" na mara moja anafikiria umeme wa kukatika, jambo la kila wiki, anapita. Lakini angalia kitenzi. Zilizimika, si zilizimwa. Kauli ya kutendwa, zilizimwa, inakiri kwamba kuna mkono ulioshika swichi hata kama haumtaji mwenye mkono. Zilizimika inakuonyesha taa zenyewe na kuuondoa mkono kabisa. Mwishoni unaambiwa kwamba usiku ule umeme haukukatika mtaani hapo, na kwamba swichi ilikuwa begani kwa msimulizi. Alidanganya? Taa kweli zilizimika. Alikunyima mtendaji tu.

Ukianza kusikiliza vitenzi hivi hutaweza kuacha. Dirisha lilivunjika au lilivunjwa? Mlango ulifunguka au ulifunguliwa? Barua ilipotea au ilipotezwa? Msimulizi anayesema "ilivunjika, ikamwagika, ikapotea" katika aya moja ni mtu wa kumtazama mara mbili. Vivyo hivyo ile "ka" ya kusimulia: "akanywa chai, akaaga, akapanda boda." Inafuatanisha matendo kama shanga, sikio linayapokea kana kwamba hakuna nafasi kati yake. Baina ya kuaga na kupanda boda panaweza kulala saa nzima.

Kwenye Kiingereza kazi hii inafanywa kwa njia nyingine. Lugha ile humlazimu mwandishi kuonyesha kila mara kama ni mwanamume au mwanamke anayetenda, sisi tunasema "aliingia" na basi. Ndiyo maana riwaya nyingi za Kiingereza zenye sura fupi za muuaji asiyetajwa huziandika kwa "mimi". Ukikutana na sura za namna hiyo, usimpe muuaji jinsia kichwani mwako. Wasomaji wengi humpa uanaume bila kujua, wakawaondoa nusu ya washukiwa kabla kitabu hakijafika ukurasa wa hamsini.

Tuje kwenye kupotea, na hapa nina neno la wazi kidogo kuhusu hizo faili za kutumiwa. Riwaya mpya huonyesha mabadiliko ya wakati na msimulizi kwa alama za kuonekana: kichwa cha sura chenye jina la mtu, tarehe juu ya ukurasa, herufi za mlazo kwa mawazo au shajara, nafasi tupu kati ya aya. Nakala iliyogeuzwa kutoka umbo moja hadi jingine, kisha ikarushwa kutoka simu hadi simu, mara nyingi imepoteza hizo alama. Herufi za mlazo zimenyooka, tarehe imemezwa na aya, kurasa mbili zimeruka. Unasoma mawazo ya marehemu ukidhani ni ya mpelelezi. Kwa hiyo kabla ya kujilaumu, fungua orodha ya sura mwanzoni, uhesabu, halafu uruke sura hadi sura uone kama vichwa vyote vipo. Kama havipo, tatizo ni faili. Na nyingi ya nakala hizo, tusemane ukweli, ni za wizi. Anayeibiwa ni yule yule mwandishi unayetaka aandike vizuri zaidi. Kitabu cha mtumba, cha kuazima maktaba, au cha kununuliwa kwa kuchangiana watu watatu kitakupa alama zote mahali pake, na kidole chako kitakaa katikati ya kurasa kurudi nyuma, jambo ambalo simu hailiwezi vizuri.

Majina nayo. Mwandishi wa Kiingereza anamwita mtu mmoja kwa majina matatu bila kukupa taarifa. Afisa anaitwa kwa jina la ukoo kazini, kwa jina lake nyumbani, kwa cheo na wasaidizi. Tena wana vifupisho visivyofanana na jina lenyewe: Margaret anaweza kuwa Peggy, William akawa Bill, Richard akawa Dick, Elizabeth akawa Beth au Betty. Aliyekulia kwenye lugha hiyo hupita bila kujikwaa, sisi tunahesabu watu wawili pale alipo mmoja. Kwetu kuna mtego wa aina nyingine: "ndugu", "shemeji" na "mama mdogo" vinabeba watu wengi, na mwandishi wa Kiswahili mwerevu anaweza kuficha urithi mzima ndani ya neno "ndugu".

Nunua daftari la kurasa 48. Ukurasa mmoja kwa kitabu kimoja unatosha, ukiugawa safu tatu: jina na majina yake yote mengine, alichosema, alijuaje. Safu ya tatu ndiyo inayofanya kazi. Ukiandika "Beth: kaka yake alitoka saa tatu" na ukakosa cha kuandika kwenye "alijuaje", umepata kidokezo, kwa sababu alikuwa jikoni na jikoni hakuna dirisha la barabarani. Usiandike kila mtu. Anayetajwa kwa jina katika kurasa 50 za mwanzo na kurudi mara ya pili, mwandike. Wengi hawatazidi kumi na wawili. Wapita njia waache wapite, lakini fundi, mjumbe au mhudumu aliyepewa jina kamili bila sababu ya kueleweka mwekee alama, maana mwandishi hatumii jina bure.

Chini ya ukurasa huo chora mstari mmoja mrefu. Juu ya mstari weka miaka au siku za matukio, chini yake weka namba za sura. Sura ya 1 ya leo, sura ya 2 ya miaka sita nyuma, sura ya 3 ya leo tena. Baada ya sura sita hivi utaona umbo la kitabu. Mtego wa vitabu vyenye nyakati mbili mara nyingi ni mmoja kati ya hii miwili: mtu wa zamani ana jina jingine leo, au nyakati mbili ulizodhani ni za mwaka mmoja ziko mbali. Mstari wako utakuonyesha tatizo kabla ya mwandishi, kwa mfano mtoto aliyekuwa na miaka minne ambaye hesabu yake haifiki.

Saa ziandike kwa mfumo mmoja tu, wetu au wao, usichanganye. Kitabu kikisema 8.30 usiku, kwetu ni saa mbili na nusu. Ushahidi wa "sikuwepo, nilikuwa mahali pengine" huvunjikia kwenye dakika ishirini, nawe ukiwa umekosea kwa saa sita hutauona. Chunga pia "usiku wa kuamkia Jumapili" katika vitabu vya Kiswahili na vilivyotafsiriwa. Huo ni Jumamosi usiku.

Mambo ya polisi na mahakama za ng'ambo yasikutie wasiwasi, ila machache yanasukuma hadithi. Afisa wa Uingereza anakimbizana na saa 24 kwa sababu huo ndio muda wa kawaida wa kumshikilia mshukiwa kabla ya kumfungulia mashtaka au kumwachia, ingawa kwa makosa makubwa unaweza kuongezwa. Kwetu Uganda, Katiba inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Raia 12 wanaokaa kuamua hatia hawapo katika mahakama zetu, ndiyo maana hotuba ndefu za mawakili katika riwaya za Marekani zinatuonekea kama maigizo. Na daktari akisema kwa uhakika "alikufa saa tano na robo", usimwamini sana. Maiti hupoa na kukakamaa kwa kasi inayotegemea joto la mahali, mavazi, na ukubwa wa mwili. Makadirio ya kweli ni ya saa kadhaa.

Jambo jingine dogo: si kila kitabu chenye maiti ni fumbo. Vingine ni vya taharuki, ambapo unamjua mbaya mapema na swali ni kama atakamatwa kabla ya kuua tena. Hapo weka daftari kando, usome tu. Anayetafuta vidokezo katika kitabu cha taharuki huchoka bure. Na katika yale mafumbo yenyewe, mshukiwa anayekamatwa wakati robo nzima ya kitabu bado imebaki kwa kawaida siye. Simu inakuonyesha asilimia, itumie.

Simu hiyo hiyo ina kitufe cha kutafuta neno. Kinavutia: unaandika jina, unaona alipotajwa mara ya kwanza. Usikitumie kabla ya kumaliza. Kitakuletea na sentensi za mbele, na ya mwisho katika orodha huenda ikawa "alipozikwa".

Sasa ushauri wa mumeo. Si wa kijinga. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapa watu hadithi fupi, nyingine zikiwa na mwisho uliofichuliwa mapema, za mafumbo zikiwemo, wakakuta waliofichuliwa walizifurahia hata zaidi kidogo. Kumbuka lakini kwamba zilikuwa hadithi fupi, si riwaya ya kurasa 350, na tafiti nyingine za baadaye zimepata matokeo ya kinyume. Ukianza na mwisho utapoteza mshtuko, ambao huja mara moja tu, na utapata kingine: utaona jinsi mwandishi anavyokuzungusha. Mimi ningekushauri usifanye hivyo kwa kitabu kizuri unachokisoma mara ya kwanza. Kwa kitabu ambacho umekichoka katikati na unataka kukitupa, soma mwisho. Ukikuta mwisho umekushangaza, rudi ulipoachia. Usipokushangaza, umeokoa jioni tatu.

Kama unataka kujizoeza taratibu, anza na riwaya yenye msimulizi mmoja na mahali pamoja, isiyozidi kurasa 250. Kisha ya nyakati mbili. Zenye wasimulizi watatu ziache za mwisho, uzisome kwa siku zinazofuatana. Ukikiacha kitabu cha namna hiyo wiki mbili, hata aliyekiandika atakuwa amesahau nani ni nani.

Usingizi. Sura za riwaya hizi ni fupi kwa makusudi, kurasa nne au tano, na kila moja inakatwa pale hasa mlango unapogongwa. Akili haipendi kuacha jambo likining'inia, nawe unajiambia "sura moja tu". Kuacha mwishoni mwa sura ni kuacha mahali pabaya kuliko pote. Acha katikati: ingia sura inayofuata kurasa mbili, subiri mlango ufunguliwe ikaonekana ni jirani ameleta chumvi, ufunge hapo. Kabla ya kuzima taa andika kwenye daftari mistari miwili, unamshuku nani na kwa nini, ili lile swali likae kwenye karatasi badala ya kukaa nawe kitandani. Robo ya mwisho ya kitabu usiianze usiku kabisa. Ukisoma kurasa 40 kwa saa, robo hiyo katika kitabu cha kurasa 320 inakudai saa mbili mfululizo, na hutaweza kuzikata. Iwekee Jumapili mchana.

Ujaribu hivyo kwa wiki mbili au tatu. Ukiwa bado hulali hata siku usizosoma, mara tatu au zaidi kwa wiki, hilo si la riwaya tena, nenda kituo cha afya ukamweleze mganga. Ukijikuta unakagua kufuli mara nyingi, ndoto zinajirudia, au kuna tukio la kweli nyuma yake (duka lilivamiwa, mtu wako alidhuriwa), weka vitabu hivi pembeni kwa sasa na umwone mshauri wa afya ya akili. Hospitali za rufaa zinao, na Kampala kuna Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, inayopokea pia watu wa kawaida wasiolala. Macho yakiuma, herufi zikicheza, au ukilazimika kuisogeza simu mbali ili uone, pima macho kwanza. Baada ya miaka arobaini karibu kila mtu huhitaji miwani ya kusomea, na kusoma mstari mmoja mara tatu kunaweza kuonekana kama kusahau. Na iwapo unasahau pia madeni ya wateja na njia za nyumbani, mwone daktari bila kungoja.

Kile kitabu cha juzi kifungue tena kwa kile kipimo cha sura tatu. Tazama hasa vitenzi vya usiku wa mauaji.